Nusu Mbili na Nguzo Iliyolazwa

Nguzo haikuanguka. Iliangushwa. Naanza hapo kwa sababu siku hizi wapo watu wanaosimulia habari ile kana kwamba jiwe lilichoka kusimama likaamua kujilaza, na mimi nikiwasikia natamani kuwazaba vibao. Walikuja wanaume na minyororo, wakaifunga shingoni, wakavuta huku wakiimba, na chini yake kulikuwa na foleni ya watu waliokuwa wakingoja kuulizwa. Hakuna aliyewaambia wasogee. Jiwe lilishuka juu yao. Vumbi lilipotulia niliona mkono wa mtu umetokeza pembeni, vidole vinafumba na kufumbua, vinafumba na kufumbua, mpaka vikaacha. Kisha yule aliyeamuru kazi ile akapanda juu ya jiwe na viatu vyake, akanyoosha kidole upande wa machinjioni, akasema, "Tangu leo, juu ni huku."

Watu wakashangilia. Nami nilishangilia, mwanangu yuko mgongoni.

Inanibidi nieleze mji wetu, maana mgeni akiisikia habari hii hivi hivi atadhani namsimulia ndoto. Labda ni ndoto. Sijui ilitokea mwaka gani, na nikijaribu kukumbuka naona kama ilitokea kesho. Lakini ndoto nyingine mtu huamka akanawa uso zikaisha, na hii mimi niliamka nayo damu ikiwa imekauka chini ya kucha.

Kwetu kila mtu huzaliwa anazunguka. Si kwa miguu. Ukimtazama unamwona ametulia kama watu wote, anakula, anapiga miayo, anatafuta ugomvi. Mzunguko uko ndani, kama pia ya kuchezea aliyoizungusha mtoto kisha akaisahau, na mkunga huutafuta kwa kiganja juu ya kitovu cha kichanga. Kila mtu ana nusu. Si robo, si moja. Nusu haiongezeki kwa chakula wala kwa dua, na haipungui kwa ugonjwa. Waziri ana nusu na mwizi wa kuku ana nusu. Na nusu hiyo ina vituko vyake. Mtu wetu akijizungusha mzima mara moja harudi alipokuwa, anarudi akiwa kinyume cha nafsi yake, na inampasa azunguke mara ya pili ndipo awe yeye. Ndiyo maana kwetu anayerudi kutoka safari huizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuvuka kizingiti. Akizunguka mara moja tu akaingia, hapewi maji. Mjomba wangu mmoja alisahau, akaishi ndani ya nyumba yake mwenyewe mbwa wanambwekea na mke anamwita shemeji, mpaka siku alipokumbuka, akatoka nje, akazunguka tena, akaingia akilia. Watoto walikuwa wameshaoa.

Sasa, swali. Katikati ya mji ilisimama Nguzo, penye Nguzo alikuwepo Muulizaji, na Muulizaji alikuwa na swali moja tu: juu au chini? Halijibiwi kwa mdomo. Askari hukubandika kiganja kwenye jiwe, swali linatamkwa, na ule mzunguko wako unashikwa ghafla kama mtu aliyekamatwa ukosi. Mwili mzima unavutwa, ama kuelekea kichwa cha Nguzo ama kuelekea kitako chake. Hakuna katikati. Hakuna juu kidogo. Wapo ambao shingo zao huvunjika kwa mvuto ule, na hao huwa wamepunguziwa kazi. Aliyevutwa juu anarudi kwake. Aliyevutwa chini anapigwa nyundo ya kisogo na kusukumwa shimoni.

Kabla ya kuulizwa, mimi nilikuwa nani? Hilo ndilo lililoniharibia usingizi tangu usichana wangu. Wenye majibu ya haraka husema: ulikuwa juu tangu zamani, au ulikuwa chini tangu zamani, ila hukujijua, Nguzo imefichua tu. Uongo mtupu. Mimi naujua mwili wangu. Kabla ya kuulizwa nilikuwa sina upande, na kukosa upande kule hakukuwa upungufu, kulikuwa wingi. Nilikuwa naelekea dirishani na mlangoni na darini kwa pamoja, na sikuhisi dhambi yoyote. Ni swali ndilo linalokufanya uwe kitu kimoja. Halafu yule aliyekuuliza anakutazama umelala chini na kisogo kimefunguka, anasema hakufanya lolote, amekukuta ukiwa hivyo. Nawachukia kwa hilo kuliko kwa nyundo.

Wanauliza, unakuwa. Hawakuulizi, uko tu. Kuwa na kuwako. Niacheni niko.

Kuoana kwetu ni kujumlisha. Mtoto wa darasa la kwanza atakwambia nusu na nusu ni moja, na mwalimu atampa pipi. Kwetu nusu na nusu huweza kuwa moja, na huweza kuwa hakuna. Mfungaji, ambaye ndiye anayeozesha, huwafunga wawili kwa kamba moja kiunoni, na jinsi anavyowasimamisha ndivyo watakavyokuwa. Njia za kuwa moja ni tatu. Wawili wote juu, ambao hutembea mjini wakijisikia. Wawili wote chini, ambao ndoa yao huishia shimoni kabla wali haujapoa. Na njia ya tatu, mmoja juu na mmoja chini, wanatazamana, na haijaamuliwa nani ni nani. Hata Mfungaji hajui, hata wao hawajui. Kisha ipo njia moja ya kuwa hakuna. Hao nao ni mmoja juu na mmoja chini, nao haijaamuliwa, lakini wamefungwa mmoja akimpa mwenzake mgongo. Ukiwajumlisha hupati kitu. Upepo ukivuma haujui uwashike wapi.

Enzi za Nguzo kusimama, wanaotazamana na wanaopeana mgongo tulikuwa sawa tu. Ukituuliza, mmoja atakwenda juu na mmoja atakwenda chini, nyundo itapata wake, kamba itakatwa. Hakuna aliyejali nani alisimamishwa vipi siku ya harusi. Walipoilaza Nguzo ndipo tofauti ikaonekana, tena ikaonekana kwa mizoga. Mbele ya jiwe lililolala, wanaotazamana hujibu pamoja: wote wawili wanavutwa upande wa machinjioni, wakaishi, au wote wawili wanavutwa upande wa pili, wakafa. Wanaopeana mgongo wao jiwe ligeuze utakavyo, lisimamishe, lilaze, liegemeze ukutani, mmoja atapona na mmoja atakufa. Kwa hiyo watawala wote, wa zamani na wapya, huwapenda sana wanaopeana mgongo. Serikali hubadilika, lakini kwao hesabu ya shimo haibadiliki.

Na jambo moja zaidi, ambalo mji mzima ulilijua baada ya wiki ya kwanza ya kilio. Mmoja kati ya wanaotazamana akijigeuza nusu ya mzunguko, pale pale aliposimama, akampa mwenzake mgongo, ndoa inabadilika. Wale waliokuwa moja wanakuwa hakuna. Ni kugeuka tu. Hakuhitaji nguvu wala ruhusa ya mtu.

Mimi naitwa Mwanamvua. Mume wangu ni Shomari, fundi wa viti, mkaidi, mwenye mikono mikubwa na kicheko kidogo. Tulifungwa tukitazamana, na zamu ya mtaa wetu ilikuwa haijafika hata mara moja. Mtoto wetu Tunu alikuwa hajaota jino.

Walikuja mchana, chakula kikiwa jikoni. Mlango waliuvunja ingawa ulikuwa wazi. Shomari aliuliza kuna nini, askari mmoja akampiga kitako cha bunduki mdomoni, nikasikia meno yakianguka sakafuni. Mimi nilimrushia sufuria ya uji wa moto, nikamchoma shingo, na kwa hilo nilivutwa kwa nywele mpaka barabarani. Tunu alikuwa chumbani, juu ya mkeka. Nilipiga kelele kwamba kuna mtoto ndani. Askari aliyeungua akarudi, nikadhani anakwenda kumchukua. Akachungulia, kisha akausimamisha mlango uliovunjika mahali pake, taratibu, kama mtu mwenye adabu. Mtaa mzima ulikuwa umekombwa. Hakukuwa na jirani wa kumwachia.

Walitufungia kwenye zizi la machinjio, mahali ng'ombe hungojea, na kila jozi ilifungwa upya kwa kamba yake. Kutoka pale tulisikia kila kitu. Sauti ya Muulizaji, kisha kimya, kisha nyundo. Mara nyingine nyundo moja, mara nyingine mbili, mara nyingine kimya kikaendelea na watu wakashangilia. Maziwa yalikuwa yananitiririka kifuani. Nilimvuta Shomari kwa kamba.

"Baba Tunu, nisikilize. Mmoja wetu ageuke."

"Ageuke nani?"

"Yeyote. Mimi au wewe. Tukitazamana tunaweza tukafa wote wawili, na mtoto yuko peke yake pale mkekani. Mmoja akigeuka, mmoja lazima arudi."

Akatema damu. "Tulifungwa tukitazamana, Mama Tunu."

"Mfungaji hayupo hapa. Tunu yupo."

"Na huyo atakayerudi atarudi na nini? Atamlea mtoto kwa uso gani? Kila akimtazama anakumbuka alivyompa mwenzake mgongo."

"Atamlea kwa uso huohuo! Atamnyonyesha, atampikia uji, mtoto hali uso wa mtu!"

"Huenda tukapona wote."

"Na huenda tukafa wote."

"Huenda. Lakini pamoja."

Nilimpiga. Nilimpiga pale pale palipovunjika, nikaona maumivu yakimpita usoni, na badala ya kujuta nilitaka kumpiga tena. Alinishika mikono yote miwili kwa mkono wake mmoja. Nilimwuma. Tulipigana ndani ya zizi la ng'ombe tukiwa tumefungwa kamba moja, na wenzetu wakatupisha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na ugomvi kama huo wa kumaliza.

"Nyie watoto, tuacheni tufe kwa amani," akasema mzee mmoja pembeni. Alikuwa Mzee Kibwana, muuza tumbaku wa nyuma ya soko, amefungwa na mkewe Bi Mize. "Sisi tutatazamana. Mimi nimemtazama huyu mpaka macho yameharibika, sitaanza leo kutazama kwingine."

"Mwongo wa kutupwa," akasema Bi Mize. "Macho yameharibiwa na huo ugoro wako."

Watu wachache walicheka. Hata Shomari alicheka, damu ikamtoka puani. Niliwatazama wazee wale, nikawaonea wivu, kwa sababu walikuwa wameshalea, watoto wao wameshakua na kuondoka, na mapenzi yao hayakuwa na mtu mkekani. Ni rahisi kutazamana ukiwa huna mtu mkekani.

"Haya," nikamwambia Shomari. "Tutatazamana."

"Niapie."

"Naapa."

"Kwa Tunu?"

"Kwa Tunu. Apa na wewe."

"Naapa kwa Tunu," akasema, akaniachia mikono.

Nilikuwa nimeshaamua kugeuka. Naliandika hili bila kupepesa jicho. Kama nisingeapa, angenishika mabega wakati wa kuulizwa asiniachie, naye alikuwa na nguvu mara mbili yangu. Kwa hiyo niliapa kwa jina la mtoto ili nimwokoe mtoto, na nilipokuwa naapa nilimtazama mume wangu moja kwa moja machoni, naye alinitazama hivyohivyo, macho maangavu kabisa.

Walituita. Njia ya kwenda kwenye Nguzo ilikuwa imelowa, mchanga umefinyangwa na miguu mpaka ukawa tope jekundu, na ndani ya tope kulikuwa na viatu, kilemba, kipande cha sikio chenye hereni. Umati ulikuwa umekaa juu ya kuta. Wengine walikuwa wanakula mihogo. Muulizaji alikuwa mwanamke, Bi Sikujua, mtu mzima mnene, sauti tamu ya kuimbia harusini, na pale katikati ya mauaji alikuwa anajipepea kwa upepeo wa ukili. Walitusimamisha kando ya jiwe, tukitazamana. Kisha wakatuvisha magunia ya unga vichwani.

Ndani ya gunia kulikuwa na giza na vumbi la unga, na pumzi yangu ilinirudia usoni. Nilimsikia Shomari akipumua mbele yangu. Mbele yangu. Niliwaza: hii ndiyo mara ya mwisho mtu huyu kuwa mbele yangu. Niliwaza mikono yake ikipiga randa. Niliwaza Tunu akilia mpaka sauti imkauke. Nusu na nusu. Nusu na nusu. Nikisimama hivi ni moja, na moja yaweza kufa yote. Nikigeuka ni hakuna, na katika hakuna mmoja atakula uji wake kesho. Mapenzi ni hesabu gani hii. Nani aliyeitunga.

Nikageuka. Nusu ya mzunguko, kisigino kikateleza kwenye tope, na jiwe lililokuwa kulia kwangu likawa kushoto. Kamba ilinibana kiunoni, nikadhani ni mimi niliyeivuta. Umati ukaguna, kisha ukacheka kicheko kikubwa, na nikajua wananicheka mimi, mwanamke aliyempa mumewe mgongo mbele ya mji mzima. Nilisema kimoyomoyo, chekeni. Mkono wa askari ukanishika kiganja, ukakibandika kwenye jiwe, nalo lilikuwa la moto kwa jua.

"Juu au chini?" akauliza Bi Sikujua, kwa ile sauti tamu.

Sina maneno ya kulieleza jambo lile. Nilikuwa pande zote, halafu nilikuwa upande mmoja. Kitu kilinikamata chini ya kitovu, kikanipinda, mbavu zikalia, na nikaanguka ubavu kuelekea machinjioni. Machinjioni. Juu. Nimepona.

Furaha ilikuja kwanza. Kilio kilikuja baadaye, lakini furaha ilikuja kwanza, ikanijaa mpaka nikajikojolea. Kisha nikakumbuka kwamba kwa kuwa mimi nimepona, Shomari anakufa, hapo nyuma yangu, sasa hivi. Nikangojea nyundo. Nilikaza meno nikangojea ule mlio niliousikia tangu mchana. Haukuja. Umati ulikuwa unacheka bado, unazidi kucheka, mtu mmoja anapiga vigelegele.

Walinivua gunia. Niligeuka kumtazama mume wangu, nikitegemea kumwona akiutazama mgongo wangu kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Niliona kisogo chake. Niliona shati lake lililochanika mabegani, na jasho, na mgongo mpana nilioukanda mara nyingi kwa mafuta ya nazi. Alikuwa ameangukia upande uleule wa machinjioni. Naye pia akageuka kunitazama, na nikaona anatafuta kitu hicho hicho usoni mwangu.

"Kageuka huyu, na huyu naye kageuka!" Bi Sikujua alikuwa amejishika tumbo. "Wanangu, akigeuka mmoja mnabadilika. Mkigeuka wote wawili si mmebaki vilevile? Mngekaa tu mkatazamana, mngepona hivihivi! Ee, leo nimecheka."

Hivyo ndivyo tulivyopona. Viapo viwili vya uongo vilijumlishwa, vikawa kama tumetimiza.

Sheria mpya ilikuwa kwamba anayevutwa juu hapewi ruhusa ya kuondoka mikono mitupu. Hupewa nyundo, na kazi yake ni wale wanaofuata. Askari wawili waliosimama nyuma yetu na bunduki walituambia hivyo kwa heshima kabisa. Waliofuata walikuwa Mzee Kibwana na Bi Mize.

Walisimama wakatazamana. Walivishwa magunia, na hata ndani ya magunia walibaki wakitazamana, wala hawakutikisika, mzee ameinamisha kichwa kidogo kumwelekea mkewe kwa sababu alimzidi urefu. Bi Sikujua akauliza. Wote wawili wakavutwa pamoja, kwa mwendo mmoja, wakaangukia upande wa kitako cha Nguzo. Chini.

Nilisema siwezi. Askari akaniwekea mdomo wa bunduki sikioni. Shomari alikuwa ameshainua nyundo yake. Sikuona uso wake, niliona tu mkono ule mkubwa wa fundi ukishuka, na Mzee Kibwana akalala bila neno. Bi Mize aliusikia mlio ule. Akasema kutoka ndani ya gunia, "Ni nani huko kwangu?"

"Ni mimi, Bibi. Mama Tunu."

"Piga mara moja tu, mwanangu. Usinirudie."

Nilipiga vibaya, na ilibidi nimrudie. Nilimrudia tena. Sauti aliyoitoa katikati ya pigo na pigo ninaisikia nikisonga ugali, ninaisikia mtu akiburuta kiti. Watu waliokuwa waaminifu kuliko wote katika mji ule niliwasaidia kuingia shimoni kwa mguu wangu, na mimi mwongo nikaambiwa niende nyumbani. Kama kuna anayeweza kunieleza haki iko wapi hapo, aje, ila asije na maneno matamu, maana nyundo ninayo bado.

Tulirudi tukienda ubavu kwa ubavu. Barabara ilikuwa pana na tupu, jua bado liko juu, na hakuna kati yetu aliyetangulia hata kwa unyayo mmoja. Nilipoharakisha, aliharakisha. Alipopunguza mwendo, nilipunguza. Nyundo zilikuwa mikononi na hatukuzitupa. Tulimsikia Tunu kutoka mbali. Alikuwa amelia mpaka sauti imekuwa ya kukwaruza, lakini alikuwa hai. Tuliizunguka nyumba mara mbili kama inavyotakiwa, bega kwa bega, tukaingia tukiwa sisi wenyewe.

Sebuleni uji ulikuwa umekauka sakafuni na meno ya Shomari yamo ndani yake. Chumba alichokuwamo mtoto kiko nyuma. Nilisimama, naye akasimama. Tulikuwa tunatazamana, kwa mara ya kwanza tangu magunia.

"Nilifanya kwa ajili ya Tunu," akasema.

"Na mimi."

"Najua." Akafuta mdomo kwa mkono wenye nyundo. "Lakini mmoja alikuwa anakufa, Mama Tunu. Ulipogeuka, uliomba apone nani?"

"Mtoto analia, Baba Tunu. Twende tukamchukue."

"Uliomba apone nani? Mimi au wewe?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

Ndani yangu kulikuwa na mengi. Nilikuwa nimemwombea yeye, ndiyo, na nilikuwa nimejiombea mimi, na kulikuwa na mahali ambapo sikuomba chochote, mahali penye mikono yake tu na harufu ya mbao na sauti ya mtoto. Yote yalikuwepo kwa pamoja na hakuna lililokuwa uongo. Ningeweza kuishi na yote hayo mpaka uzee. Lakini aliniuliza mimi au wewe, na kwa swali lile sikuwa na nafasi ya kuwa mengi. Nilihisi kitu kikinikamata chini ya kitovu. Nilitaka kusema wewe. Naapa, na kiapo hiki ni cha kweli, nilitaka kusema wewe.

"Mimi," nikasema. "Na wewe?"

Nilimwona akipambana, nilimwona shingo ikimkakamaa kama ya mtu aliyebandikwa kiganja kwenye jiwe, na nilitamani kumziba mdomo lakini nilikuwa nimeshamwuliza.

"Mimi," akasema Shomari.

Alitazama nyundo yangu. Nilitazama yake. Kutoka pale tuliposimama mpaka mlango wa chumbani ni hatua chache, na anayekwenda lazima ageuke, ampe mwenzake kisogo. Tunu alilia, akapaliwa, akanyamaza kidogo kutafuta pumzi, akaanza tena. Tulibaki tukitazamana, na hakuna aliyekwenda kumchukua.